Ijue Zambezia, katuni ya ndege iliyotengenezwa Afrika

Kama una watoto nyumbani na mmechoka kurudia katuni zilezile, ipo hii ya ndege wa Afrika. Inaitwa Zambezia. Ilitoka 2012, mwaka uleule ambao mkoa wetu wa Katavi ulianzishwa.

Nani kaitengeneza?
Ni kampuni ya Triggerfish ya Cape Town, Afrika Kusini. Mwongozaji ni Wayne Thornley.

Inahusu nini?
Kai ni kozi kijana, ndege wa jamii ya kipanga, anayelelewa mbali na wenzake na baba yake, Tendai. Siku moja anasikia kuna mji wa ndege kwenye Maporomoko ya Victoria. Anamwacha mzee wake na kwenda huko, anataka kujiunga na kikosi cha ulinzi. Kumbe kenge aitwaye Budzo anaviziа mayai ya mji mzima. Wanaomsaidia ni kongoti, ndege ambao mji huo umewakataa.

Ilipokelewaje?
Kwao ilipokelewa vizuri: ilipata tuzo ya filamu bora ya Afrika Kusini kwenye tamasha la Durban mwaka 2012. Nje ya Afrika ilioneshwa nchi nyingi. Wengi walisifia picha, hasa ndege wanavyoruka. Lawama kubwa ilikuwa hadithi: kijana anatoka kwao, anakosea, anajifunza. Tumeshaiona sana.

Jambo lingine ni sauti. Tendai ni Samuel L. Jackson, na mzee wa mji, furukombe Sekhuru, ni Leonard Nimoy. Majina makubwa yalisaidia kuiuza, lakini ndege wa Zambezi wakaishia kuongea Kimarekani. Mtoto wa Mpanda asiyejua Kiingereza anahitaji mtu wa kumtafsiria pembeni.

Na kongoti je?
Hapa mzazi usikae kimya. Kwenye filamu kongoti ni wabaya. Kwenye maisha halisi, ndege huyu mwenye kichwa cha kipara anakula mizoga, kwa hiyo anasafisha mazingira. Mweleze mwanao tofauti hiyo, asije akaanza kuwarushia mawe.

Ukipata nafasi, mpeleke Hifadhi ya Katavi kupitia Sitalike. Ina aina zaidi ya 400 za ndege. Akishaiona filamu, atakuwa na maswali mengi ya kumuuliza muongozaji.