Projekta nyumbani: anzia kwenye umeme, kisha ukuta

Mwenye kununua projekta hapa Bukavu, ili familia iangalie mpira na filamu nyumbani pahali pa kwenda kulipa kwenye sale ya videyo, kwanza anatafuta ukuta mweupe. Lakini kinachoharibu projekta nyingi kwetu si ukuta, ni umeme. Basi tuanzie hapo.

Umeme

Umeme wetu unatoka mto Ruzizi: kituo cha Ruzizi I, cha tangu mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II cha mwaka 1989, ambacho tunagawana na Rwanda na Burundi. Delestaji kila mtu anaijua. Sasa, projekta ya ampuli inapata joto kali sana. Ukiizima vizuri, feni inaendelea kuzunguka kidogo ili ampuli ipoe. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama palepale, joto linabaki ndani, na ampuli inakufa mapema. Bei ya ampuli mpya inaumiza. Projekta za LED zinavumilia zaidi, lakini umeme ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza aina zote mbili. Pitisha kwenye stabilizateri, ao bora zaidi kwenye batri na invata.

Fanya hesabu mbele ya kununua. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina karibu wati-saa 1200, lakini batri ya kawaida ya risasi usiitumie kupita nusu. Ukitoa kinachopotea kwenye invata, unabaki na kama 500. Projekta ya ampuli ya wati 250, pamoja na bafle na dekoda za wati 50, itakwenda saa moja na dakika 40: mechi haiishi. LED ndogo ya wati 70, na vifaa hivyohivyo, inafika saa nne.

Mwangaza

Kwenye karton wanaandika lumeni 9000 ao zaidi. Usishangilie. Tafuta neno ANSI: hiyo ndiyo lumeni iliyopimwa kwa kanuni. Vilevile, muuzaji akikuambia "inasoma 1080p", muulize kama picha yenyewe inatoka kwa 1080p. Kusoma na kuonyesha ni vitu viwili. Muombe aiwashe mbele yako, mlango ukiwa wazi.

Ukuta na umbali

Picha ya inchi 100, kona hadi kona, ina upana wa mita 2.2 na urefu wa mita 1.25. Projekta nyingi za kawaida zinaomba umbali wa mara moja na nusu ya upana, ni kusema mita 3.3. Salon yako ikiwa na mita 3, kubali picha ya mita 2.

Nyumba ya mbao ina mistari inayoonekana kwenye picha. Chukua triplex, ipake rangi nyeupe isiyong'aa. Shuka nyeupe nayo inasaidia: ivute sana, weka kitambaa cheusi nyuma yake ili mwanga usipite. Projekta ikae sawasawa mbele ya ukuta. Ukiiinamisha, picha inakuwa pana upande mmoja. Bafle iweke karibu na ukuta, si kwenye meza ya projekta, juu mtetemo unachezesha picha.

Usalama

Kadutu na kwingine ambako nyumba za mbao zimebanana, waya moja mbaya inaweza kuunguza avenue nzima. Ralonji isipite chini ya tapi ao matelas. Usifunike matundu ya hewa ya projekta. Wakati wa kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane, pangusa vumbi kwenye filtre kila juma. Watoto wasiangalie ndani ya lensi, mwanga ule unaumiza macho.

Makuta yakiwa kidogo, nunua projekta ndogo na batri nzuri. Picha itakuwa ndogo, lakini mtaangalia mechi hadi mwisho.