She Who Became the Sun

She Who Became the Sun (Mwanamke Aliyegeuka Jua) ni riwaya ya kihistoria yenye fantasia iliyotungwa na Shelley Parker-Chan, mwandishi wa Australia mwenye asili ya Asia aliyewahi kuwa mwanadiplomasia, na ilichapishwa mwaka 2021 ikiwa juzuu ya kwanza kati ya mbili za The Radiant Emperor. Msingi wake ni maisha ya Zhu Yuanzhang (1328–1398), mtoto wa mkulima fukara ambaye njaa na maradhi vilimwacha yatima mwaka 1344, akapokewa katika hekalu la Kibudha, akajiunga na Vilemba Vyekundu, yaani waasi waliopigana na nasaba ya Yuan ya Wamongolia, na hatimaye mwaka 1368 akaasisi nasaba ya Ming.

Historia hiyo inapindwa mahali pamoja, na mengine yote yanazaliwa hapo. Zhu Chongba, jina la utotoni la mfalme huyo, katika riwaya ni mvulana aliyetabiriwa ukuu, ilhali dada yake asiyetajwa jina ametabiriwa kutokuwa kitu. Kaka anapokufa, dada anatwaa jina pamoja na jaala yake, anapokewa na watawa kama mvulana, na tangu hapo anaishi kwa hofu kwamba Mbingu zitaugundua udanganyifu wake. Zhu huyu hajihesabu kuwa mwanamume wala mwanamke kamili, na anamwoa Ma Xiuying, mhusika aliyechotwa kwa Malkia Ma wa historia, katika ndoa ya mapenzi ambayo mke anaiingia akiijua siri.

Hasimu wake ni Ouyang, jemadari towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, anayewatumikia Wamongolia walewale walioangamiza ukoo wake na anayempenda Esen, mwana wa bwana wake, ambaye kisasi kinamtaka Ouyang amsaliti. Ouyang ni wa kubuniwa, lakini ndiye aliyechongwa kwa ustadi zaidi kitabuni, pengine kumpita Zhu mwenyewe, kwa kuwa anauchukia mwili wake na kuwadharau wanawake anaofananishwa nao, ilhali Zhu, aliye nje ya jinsia kama yeye, anaugeuza ugeni huo kuwa silaha.

Fantasia yenyewe ni haba. Zhu huona mizimu, na Idhini ya Mbingu, imani ya kale ya Wachina kwamba mtawala hutawala kwa ridhaa ya Mbingu na kwamba ridhaa hiyo yaweza kumtoka, huonekana kama mwali mkononi mwa aliyejaliwa. Mengine ni njama, vita na tamaa ya madaraka, ambayo mwandishi haitakasi hata inapomfikisha shujaa wake kwenye mauaji ya mtoto.

Mwaka 2022 riwaya hii ilipata tuzo mbili za British Fantasy Awards, ya riwaya bora ya fantasia na ya mwandishi mpya, na juzuu ya pili, He Who Drowned the World, ilitoka mwaka 2023.