Jina Moja, Hadithi Mbili: "Sungura na Kobe" katika Ngano na Filamu Fupi za Katuni

1.0 Utangulizi

Kazi za sanaa zenye jina moja huelekea kuhesabiwa kuwa ndugu wa tumbo moja. Msomaji anapokuta ngano, shairi na filamu vyote vikiitwa "Sungura na Kobe", huchukulia kwamba ipo hadithi moja ya asili, na kwamba kazi zilizofuata ni matoleo yake. Makala haya yanaihoji dhana hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba chini ya jina hilo zimepita hadithi mbili zinazotofautiana katika jambo la msingi, yaani namna Kobe anavyoshinda. Katika hadithi ya kwanza Kobe hushinda kwa sababu Sungura amezembea. Katika ya pili hushinda kwa sababu ameshirikiana na jamaa zake kumhadaa Sungura. Historia ya filamu fupi za katuni kati ya mwaka 1935 na 2002 inaonyesha wazi jinsi hadithi hizo mbili zilivyopokezana jina, na jinsi ya pili ilivyofichwa na umaarufu wa ya kwanza.

2.0 Hadithi ya Usingizi

Hadithi ya kwanza inahusishwa na Esopo, na katika faharasa ya Perry imepewa namba 226. Sungura anamcheka Kobe kwa mwendo wake, wanashindana, Sungura anaitegemea kasi yake na kulala njiani, na Kobe anafika kabla yake. Mwaka 1668 mshairi Mfaransa La Fontaine aliiingiza katika kitabu cha sita cha hekaya zake, ambamo Sungura halali tu bali pia anakula na kupoteza muda kwa kujivuna. Katika matoleo yote mawili Kobe hafanyi lolote zaidi ya kutembea. Ushindi wake unatokana na kosa la mpinzani.

Studio ya Walt Disney ilifuata mkondo huu katika filamu fupi The Tortoise and the Hare ya mwaka 1935, iliyoongozwa na Wilfred Jackson na kupata tuzo ya Oscar katika kundi la filamu fupi za katuni. Sungura wake, Max Hare, ni mwanamichezo mwenye majivuno anayesimama njiani ili kuwaonyesha wasichana ufundi wake, hata kucheza tenisi peke yake pande zote mbili za wavu. Kobe wake, Toby, ni mnyenyekevu asiyekata tamaa. Filamu iliongeza vichekesho na muziki, lakini haikubadili kiini cha hekaya.

Mkondo huohuo ulifuatwa na Ray Harryhausen, bingwa wa filamu za vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine. Alianza kazi yake juu ya ngano hii mwaka 1952, akaiacha, nayo ikakamilishwa mwaka 2002 kwa msaada wa Seamus Walsh na Mark Caballero.

3.0 Hadithi ya Jamaa

Hadithi ya pili ina mantiki nyingine. Kobe anajua kwamba hawezi kumshinda Sungura kwa mbio, wala hangoji Sungura asinzie. Anawapanga jamaa zake wanaofanana naye kando ya njia, naye mwenyewe anajificha karibu na mwisho. Kila Sungura anapodhani amemwacha mwenzake nyuma, anamkuta mbele yake. Katika faharasa ya Aarne na Thompson, hadithi ya usingizi ni 275A, ilhali ushindi unaopatikana kwa msaada wa jamaa umewekwa chini ya 1074. Kwa kipimo cha wataalamu wa fasihi simulizi, basi, hizi ni ngano mbili.

Hadithi hii ya pili ilichapishwa Marekani na Joel Chandler Harris katika kitabu cha kwanza cha Uncle Remus, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1880. Harris aliandika masimulizi aliyoyasikia kwa Waamerika Weusi wa Georgia. Humo Kobe anamtumia mkewe na watoto wake watatu, na dau la dola 50 linakuwa lake.

Miaka 60 baadaye, mwongozaji Tex Avery wa Warner Bros. alitoa Tortoise Beats Hare (1941). Filamu inaanza kwa Bugs Bunny kuyasoma maandishi ya utangulizi kwa sauti. Anapofika kwenye jina na kuona kwamba Kobe ndiye atakayeshinda, anakasirika na kulichana. Kisha anamtafuta Kobe, Cecil Turtle, na kuweka dau la dola 10. Cecil anapiga simu kwa jamaa zake, nao wanajipanga njiani. Mtazamaji aliyeijua filamu ya Disney alitarajia usingizi, lakini alipewa ukoo mzima wa kobe. Avery alichukua jina la hadithi moja na kulijaza tukio la nyingine.

Mwaka 1943 Bob Clampett aliendeleza mchezo huo katika Tortoise Wins by a Hare, ambamo Bugs anavaa gamba la kobe na kushambuliwa na sungura wenzake waliomchezea kamari. Mwaka 1947 Friz Freleng alitoa Rabbit Transit, ambamo hatimaye Bugs anashinda, kisha anakamatwa na polisi kwa kosa la mwendo kasi.

4.0 Suala la Asili

Ingekuwa haraka mno kudai kwamba hadithi ya jamaa ni mali ya Afrika peke yake. Ndugu wa Grimm waliichapisha Ujerumani mwaka 1843 kama shindano la Sungura na nungunungu mdogo anayemtumia mkewe, na ndugu wa Diehl waliigeuza kuwa filamu ya vikaragosi mwaka 1938. Hata hivyo, ngano hiyo imeenea sana barani Afrika, likiwemo eneo la Wabantu. Richard Dorson alishikilia kwamba ngano nyingi za Waamerika Weusi zina asili ya Ulaya, naye William Bascom akajibu kwa mfululizo wa tafiti zinazofuatilia ngano za Afrika katika Amerika. Jambo lililo wazi ni kwamba, kwa muundo wake, filamu ya Avery iko karibu zaidi na nungunungu wa Wajerumani na kobe wa Georgia kuliko ilivyo karibu na filamu ya Disney inayokaribiana nayo kwa jina.

5.0 Kiswahili na Jina la Pamoja

Kwa Kiswahili tatizo linaongezeka. Kiingereza kina maneno mawili ya sungura, yule wa porini na yule mwenye kuchimba mashimo. Pia hutenganisha kobe wa nchi kavu na wale wa majini. Kobe wa Harris ni wa maji baridi, wa Disney ni wa nchi kavu. Kiswahili hutenga kasa wa baharini, lakini wahusika wote waliotajwa hapa hufasiriwa kwa urahisi kama "sungura" na "kobe". Tofauti ambazo zingemwamsha msomaji zinapotea, na kazi zote zinaishia katika jina moja.

Methali nazo husaidia upande mmoja. "Haraka haraka haina baraka" na "mwenda pole hajikwai" huifanya hekaya ya Esopo ionekane kana kwamba imezaliwa pwani. Lakini katika ngano za Waswahili Kobe hasifiwi kwa subira tu. Katika Zanzibar Tales ya George W. Bateman (1901), Kobe anaponyoka mikononi mwa Simba kwa hila. Kobe huyo anaafikiana zaidi na "akili ni mali", na Sungura anayeshindwa naye anathibitisha kwamba "akili nyingi huondoa maarifa". Mwalimu anayefundisha hadithi ya usingizi pekee anawafunza wanafunzi kwamba mnyonge angoje mwenye nguvu akosee. Hadithi ya jamaa inafunza kwamba mnyonge anaweza kupanga ushindi wake pamoja na wenzake, ingawa pia inaacha swali gumu la uhalali wa udanganyifu.

6.0 Hitimisho

Jina la kazi ni anwani tu, wala halithibitishi nasaba. Mtafiti anayeorodhesha ngano za Kiswahili, au anayelinganisha ngano na filamu, anapaswa kuuliza kwanza mshindi alishindaje. Orodha inayoandika "Esopo" mbele ya kila "Sungura na Kobe" itawafuta jamaa wa Kobe waliojipanga njiani, na pamoja nao historia ya wasimulizi walioivusha hadithi hiyo hadi ikafika kwenye filamu.