Mikisa ndogo ya sauti na mkutano wa Lokiriama

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa Lodwar na Kakuma ni hili: ninunue mikisa gani ndogo, ya kurekodia nyumbani na ya kutumia kwenye shughuli ndogo ndogo? Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si fundi wa spika. Lakini faili za sauti huishia kwenye kompyuta yangu nizisafishe, na huko ndiko mikisa mbaya hujulikana. Basi leo tupite njia ndefu kidogo. Historia kwanza, duka baadaye.

Tuanzie Lokiriama. Kwa asiyepajua, ni kule Loima, magharibi ya Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda. Hapo ndipo mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipopatana na kufukia silaha ardhini. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, ghala la silaha la kambi ya jeshi ya Moroto liliporwa na bunduki zikatapakaa eneo zima. Hata hivyo mapatano yale hayakusahaulika. Watu wa pande zote mbili za mpaka hukusanyika palepale mwezi wa Septemba kuyakumbuka, na mwaka 2023 yalitimiza miaka 50.

Utaniuliza, mikisa inaingiaje hapo? Inaingia kwa mlango wa sala. Wazee wakikaa akiriket, wameketi nusu duara, mmoja husimama kuomba na wengine wote humwitikia kwa pamoja. Hiyo ndiyo akigat. Anaomba mvua, anaomba mifugo, anaomba amani, na kila ombi linaitikiwa. Kuitikia si pambo. Ombi lisiloitikiwa ni maneno ya mtu mmoja tu.

Sasa, nimesikiliza rekodi kadhaa za mikutano ya amani ya huku kwetu. Nyingi zilichukuliwa kutoka tundu la mikisa linalopeleka sauti kwenye spika. Mzee anasikika safi kabisa. Anasema, ananyamaza. Kimya. Anasema tena, kimya tena. Watu wote walioitika hawamo, kwa sababu maiki ilikuwa moja na ilikuwa mdomoni mwa mzee. Atakayesikiliza faili hiyo mwaka 2073 atadhani mzee alikuwa akizungumza na upepo. Na kumbuka, aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ile ya 1973 sasa amepita 70. Hatuna nafasi nyingi za kurudia.

Kwa nini mikisa ndogo hufanya hivi? Kwa sababu haikuzaliwa kwa ajili ya mkutano, ilizaliwa kwa ajili ya bendi. Mwaka 1969 huko Marekani, Greg Mackie na Martin Schneider walianzisha kampuni ya Tapco, wakatengeneza mikisa za wanamuziki wa jukwaani, wakati mikisa nzuri zilikuwa za studio kubwa na za redio. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kila kinachoingia kitoke kwenye spika.

Mwaka 1979 (ndiyo, mwaka uleule wa ghala la Moroto) Tascam wakatoa Portastudio 144, mikisa na kinasa sauti cha kaseti katika sanduku moja, chenye njia 4. Hapo ndipo kurekodi nyumbani kulipoanza kuwa jambo la mtu wa kawaida. Bruce Springsteen alirekodi albamu yake ya Nebraska ya 1982 kwa mashine hiyo. Wazo kubwa ndani yake lilikuwa kutenganisha: kila sauti ikae kwenye njia yake, uamuzi wa kuzichanganya uje baadaye.

Greg Mackie huyohuyo akarudi na kampuni ya jina lake, na mwaka 1991 wakatoa CR-1604. Kuna kitufe kimoja pale ambacho nakipenda kuliko taa zote za siku hizi. Ukikibonyeza, chaneli inatoka kwenye spika, lakini haifi. Inahamia kwenye matundu mengine ya kutokea, yanayoitwa ALT 3-4. Maana yake unaweza kuweka maiki mbele ya umati, isisikike kabisa kwenye spika, na bado irekodiwe. Akigat yote, mwenye kuomba na wenye kuitikia.

Kwa nini umati usipite kwenye spika? Hesabu za fizikia. Kila ukizidisha maara mbili idadi ya maiki zilizo wazi, unapoteza desibeli 3 kabla spika hazijaanza kupiga yowe. Maiki 4 wazi, umepoteza 6. Kwenye uwanja wa wazi unazihitaji zote.

Basi twende dukani, hata kama ni Luthuli Avenue kule Nairobi. Usihesabu chaneli, wauzaji huhesabu kila tundu ili namba ionekane kubwa. Hesabu matundu ya maiki, yale ya pini tatu. Kisha uliza: naweza kurekodi kitu ambacho hakiendi kwenye spika? Angalia sana zile zenye USB, kwa kuwa nyingi ndogo hupeleka kwenye kompyuta njia 2 tu, zikiwa zimeshachanganywa. Mackie 1202VLZ4 ina matundu 4 ya maiki na hiyo ALT 3-4, na ina vifundo vya kuzungusha badala ya vya kuteleza. Kwa vumbi la huku hilo ni jambo kubwa. Kasoro yake ni kwamba inataka umeme wa ukutani, na inveta ya bei rahisi juu ya sola huleta mvumo. Zoom LiveTrak L-8, iliyotoka 2019, huhifadhi kila chaneli peke yake kwenye kadi na inaweza kutumia betri 4 za AA. Mimi kwa Lokiriama ningechukua hiyo, na betri za akiba mfukoni.

Jambo la umeme halikuanza kwetu. Volti 48 ambazo mikisa hupeleka kwenye maiki za kondensa zilitokana na redio ya taifa ya Norway: Neumann walipowapelekea maiki mpya mwaka 1966, studio zao zilikuwa tayari na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, basi ukatumika huohuo. Kwenye betri kitufe hicho hula haraka, kiwashe kwa maiki inayokihitaji tu.

Na wewe wa Kakuma unayerekodi sauti yako juu ya biti ndani ya chumba cha mabati, usinunue mikisa. Chukua kadi ya sauti ya nje yenye tundu 1 au 2 na programu ya bure ya Audacity, ipo tangu mwaka 2000. Pesa itakayobaki nunua blanketi nzito za kutundika ukutani.

Kwa mkutano, maiki ya umati iweke nyuma ya mstari wa spika, iwaelekee wanaoitika, na ivalishe manyoya ya kuzuia upepo. Kabla sala haijaanza, vaa hedifoni usikilize chaneli hiyo peke yake.