SOMO LA HISTORIA: MOTOKAA ILIYOANZA KWA SIRI

Kama ulilisikia somo hili redioni, sasa lisome polepole, na hesabu zake uziandike katika daftari lako.

Huenda unaikumbuka Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo kama kobe na injini nyuma. Ndiyo iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962. Kiwanda chake, kilichoko Wolfsburg katika Ujerumani, kiliitegemea mno motokaa hiyo moja, hata wanunuzi walipoanza kuichoka. Mwaka 1974 kampuni ilipata hasara ya mark milioni 807, na mwaka uliofuata ikapanga kupunguza maelfu ya wafanyakazi.

Tumaini lilikuwa motokaa mpya, Golf, iliyotoka mwaka huohuo wa 1974. Umbo lake lilichorwa na Mwitalia, Giorgetto Giugiaro. Injini ilikuwa mbele, ikipozwa kwa maji, na nyuma palikuwa na mlango mkubwa uliofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, hata mtu akaweza kupakia mizigo mingi bila taabu.

Sasa angalia jambo hili. Mwezi Machi 1973, kabla Golf haijatoka, mhandisi wa majaribio aitwaye Alfons Löwenberg aliwaandikia wenzake, akishauri itengenezwe motokaa ya mbio ambayo mtu wa kawaida angeweza kuinunua. Wachache tu walimwunga mkono. Tena wakati ulikuwa mbaya kabisa kwa shauri kama hilo: mwisho wa mwaka huo mafuta yalipungua, na serikali ya Ujerumani ya Magharibi ikakataza watu kuendesha motokaa kwa Jumapili nne. Nani angethubutu kuomba fedha za mwendo wa kasi? Basi watu hao hawakuomba. Walifanya kazi bila idhini, wakakutana hata nyumbani kwa Anton Konrad, aliyekuwa mkuu wa habari wa kampuni. Motokaa yao ya kwanza ya majaribio ilikuwa ngumu mno, yenye makelele, ikawabidi wailainishe. Wakubwa walikubali mwaka 1975 tu.

Mwezi Septemba mwaka huo ilionyeshwa Frankfurt kwa jina la Golf GTI, ikaanza kuuzwa 1976. Injini yake ya lita 1.6 haikutumia kabureta. Petroli ilinyunyizwa kwa kipimo karibu na vali, na injini hiyo ndogo ikatoa nguvu za farasi 110. Motokaa nzima ilikuwa na uzito wa kilo 800 hivi. Kwa hiyo kila nguvu moja ya farasi ilivuta kilo 7 na kidogo tu! Ndiyo sababu ilikimbia kilomita 182 kwa saa.

Gunhild Liljequist, ambaye kwanza alijifunza kupaka rangi vyombo vya kauri, alichagua kitambaa cha viti chenye mistari iliyopitana kama nguo ya Waskoti. Kichwa cha gia akakifanya mfano wa mpira wa gofu, mzaha ambao mimi naupenda.

Kampuni ilipanga kutengeneza 5,000 tu, nayo ikaogopa kwamba hata hizo hazitauzika. Za umbo lile la kwanza peke yake zilitengenezwa zaidi ya 460,000. Zigawe kwa 5,000 katika daftari lako, uone jibu.