Ajizi ya Mwandishi na Siku 26 za Dostoevsky

Wahenga walisema kuwa ajizi ni nyumba ya njaa. Waandishi wengi wamekaa katika nyumba hiyo, wala wakazi wake si wavivu peke yao. Yumo pia mtu afanyaye kazi usiku na mchana, lakini kazi aifanyayo ndiyo pazia la ile aikimbiayo. Mtu wa namna hii alikuwa Fyodor Dostoevsky wa Urusi, katika mwaka 1866 alipokuwa akiandika riwaya yake kubwa ya mauaji, Uhalifu na Adhabu.

Asili ya jambo hili ilikuwa deni. Kaka yake, Mikhail, alifariki mwaka 1864, akaacha jarida na wadai, na Fyodor akajitwika mzigo wote. Jarida lilikufa mwaka 1865, wadai hawakufa. Katika dhiki hiyo alitia sahihi mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky. Alipewa rubli 3,000, naye akampa mchapishaji ruhusa ya kuchapa vitabu vyake pamoja na ahadi ya riwaya mpya ifikapo tarehe 1 Novemba 1866. Kama ahadi ingevunjwa, Stellovsky angechapa maandiko yake kwa muda wa miaka tisa pasipo kumlipa chochote. Sharti hilo lilikuwa kitanzi, na mwenye shingo alikijua.

Mtu angedhani kuwa hofu kama hiyo ingetosha kuiamsha kalamu. Haikutosha. Dostoevsky alikwenda Wiesbaden, Ujerumani, akapoteza fedha katika kamari, na huko akaanza hadithi ya kijana aliyeacha chuo akamwua bibi kizee mkopeshaji. Mnamo Novemba 1865 sehemu kubwa ilikuwa imeandikwa, lakini haikumridhisha. Akaichoma moto, akaanza upya. Tangu Januari 1866 riwaya hiyo ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida moja la Moscow. Wasomaji waliingojea sehemu iliyofuata, na mhariri aliidai. Kwa hiyo riwaya ya mauaji ilisonga mbele, na riwaya ya Stellovsky haikupata hata mstari mmoja.

Wakati wa kiangazi alikusudia kuandika riwaya mbili kwa pamoja, moja asubuhi na nyingine jioni. Lilikuwa kusudi zuri, nalo lilibaki kusudi. Hapana haki ya kumwita mvivu. Kazi mbili zilimkabili: moja ilikuwa na watu waliongoja karibu, na nyingine ilikuwa na tarehe iliyosimama mbali. Kila siku aliyoipa ya kwanza ilimpa udhuru wa kuiahirisha ya pili, na udhuru wenye sura ya bidii ni mgumu kuushinda kuliko usingizi.

Mwanzoni mwa Oktoba zilibaki wiki nne tu. Rafiki zake walitaka kugawana sura, kila mtu aandike yake, kitabu kipatikane. Alikataa kutia jina lake juu ya kazi ya wengine. Ndipo aliposhauriwa kutafuta mwandishi wa hatimkato. Tarehe 4 Oktoba, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, aliingia nyumbani kwake Anna Snitkina, msichana wa miaka 20, mwanafunzi hodari wa fani hiyo.

Siku ya kwanza haikuwa njema. Mwenyeji alikuwa mgonjwa wa kifafa, mwenye wasiwasi na hasira za haraka, hata jina la mgeni lilimponyoka. Lakini Anna alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Mchana Dostoevsky alisema, naye akaandika kwa alama. Usiku alizifungua alama zile nyumbani kwake. Kesho yake alileta kurasa zilizo safi. Kurasa zikahesabiwa, na hesabu ikaongezeka. Haba na haba hujaza kibaba: tarehe 29 Oktoba, baada ya siku 26, riwaya iitwayo Mcheza Kamari ilikuwa imekwisha.

Stellovsky hakupatikana kuipokea, na msimamizi wake aliikataa. Mswada ukapelekwa kituo cha polisi, mwandishi akapewa hati yenye tarehe, na kitanzi kikafunguka. Kisha Anna aliendelea kuandika imla ya sehemu za mwisho za Uhalifu na Adhabu, nayo ikamalizika kuchapwa mwaka huohuo. Mwezi Februari 1867 wawili hao walioana.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kuwa dharura huzaa kazi. Matukio yenyewe hayasemi hivyo. Dharura ilikuwapo zaidi ya mwaka mzima, wala haikuzaa kitu. Kilichobadilika mwezi Oktoba hakikuwa adhabu, bali mtu: alikuja kila siku akiwa na kurasa za jana, akaketi, akangoja za leo. Tarehe ya mbali iligeuka kuwa adhuhuri ya kila siku, na kitabu kizima kiligeuka kuwa sehemu iwezayo kumalizwa kabla ya jua kuchwa.

Mwandishi wa riwaya ya uhalifu ana udhuru mwingi kuliko wenzake, kwa kuwa daima upo ushahidi wa kupangwa upya na fumbo la kukazwa. Udhuru huo haushindwi kwa kujilaumu. Hushindwa siku ile mwandishi anapompata mtu mmoja mwaminifu atakayebisha hodi kesho kuuliza kurasa ziko wapi.