Kulihifadhi Jina na Kitangulizi Chake: Tarikhi ya Der, Die na Das

Mwanafunzi wa Kijerumani, awe yuko Berlin au Dar es Salaam, hupewa mwanzoni kabisa mwa masomo yake agizo lile lile, kwamba asilihifadhi jina lolote likiwa peke yake, bali alitamke pamoja na neno dogo linalolitangulia, aseme der Tisch, yaani meza, die Tür, mlango, das Buch, kitabu. Na akiuliza kwa sababu gani meza ikahesabiwa kuwa ya kiume na mlango kuwa wa kike, na kitabu kikatengwa na pande zote mbili, aghalabu hujibiwa kwamba ndivyo lugha ilivyo. Jibu hilo si la uongo, ila linaifunika tarikhi ndefu ambayo mwenye kujifunza anastahili kuijua.

Desturi yenyewe haikuzaliwa Ujerumani. Donatus, aliyesomesha mjini Rumi katika karne ya 4, na ambaye miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Jerome mfasiri wa Biblia, alitunga kitabu kifupi cha sarufi kwa njia ya masuali na majibu, na kila jina la mfano akalitangulizia neno la kuashiria: hic magister, mwalimu, haec musa, mungu wa kike wa sanaa, hoc scamnum, benchi. Kilatini hakina vitangulizi asilani. Maneno hayo yaliazimwa tu ili sikio la mtoto lishike jinsi ya jina kabla ya akili yake kulifahamu. Kitabu hicho kilitawala madarasa ya Ulaya kwa zaidi ya miaka 1,000, na waalimu wa nchi za Kijerumani walipowafasiria watoto kwa lugha ya nyumbani, penye hic, haec na hoc waliweka der, die na das.

Nacho Kijerumani kilikuwa kikigeuka. Katika karne ya 8 na ya 9 jogoo aliitwa hano na ulimi zunga, na sauti ya mwisho ilimsaidia msikilizaji kutambua jinsi. Der, diu na daz yalikuwa bado maneno ya kuashiria zaidi kuliko vitangulizi. Lakini mkazo wa lugha ile huangukia mwanzo wa neno, na kilicho mbali na mkazo hufifia: kufikia karne ya 12 watu walisema hane na zunge, na miisho iliyokuwa mbalimbali ikawa mmoja. Kadiri mwisho wa jina ulivyopoteza habari zake ndivyo neno lililo mbele yake lilivyozidi kulemewa na kazi ya kuzieleza. Hapo ndipo chimbuko la taabu ya mgeni wa leo: jina limekwisha kunyamaza, na kitangulizi ndicho kisemacho kwa niaba yake.

Majina yaliyoingia kutoka kwa Warumi hayakuachiwa jinsi yalizokuja nazo. Murus, ukuta wa mawe, ulikuwa wa kiume katika Kilatini, lakini Wajerumani wakaufanya die Mauer, na wanazuoni hueleza kwamba ulifuata die Wand, jina la ukuta wao wa zamani wa fito na udongo. Fenestra, dirisha, iliyokuwa ya kike, ikawa das Fenster, na corpus, mwili, usiokuwa wa kiume wala wa kike, ukawa der Körper. Siagi hata leo ina hukumu mbili, kwani sarufi rasmi yasema die Butter ilhali wenyeji wengi wa kusini husema der Butter, na mimi siwezi kuwahesabu hao kuwa wakosaji.

Vitabu vya kwanza vya sarufi ya Kijerumani, vilivyotokea katika miaka ya 1570, viliandikwa kwa Kilatini. Mmoja wa watunzi wake, Albert Ölinger wa Strasbourg, aliwasomesha vijana wa kiungwana kutoka Ufaransa, na kwa hiyo haja ya mgeni ilikuwamo katika elimu hii tangu mwanzo wake. Johannes Clajus akafuata mwaka 1578, akiifanya Biblia ya Luther kuwa hoja yake. Mwaka 1748 Gottsched wa Leipzig aliziweka kanuni za jinsi kwa urefu, kisha Adelung, katika kamusi iliyotoka kati ya 1774 na 1786, akaanza kila jina kwa kitangulizi chake kamili: Der Abend, jioni. Ndugu Grimm, katika kamusi yao kubwa, walitosheka na herufi m, f na n. Naona Adelung ndiye aliyemhurumia zaidi mwenye kujifunza, maana herufi husomwa kwa jicho tu, na kitangulizi hutamkwa.

Jacob Grimm alidai mwaka 1831 kwamba watu wa kale walivipa vitu vyote uume na uke kwa fikira zao, vikubwa na vyenye nguvu vikawa vya kiume, vidogo na laini vikawa vya kike. Dai hilo lina uzuri wa shairi, lakini Donau, mto wenye urefu wa kilomita 2,850 hivi, ni wa kike, na Rhein, usiofikia hata nusu yake, ni wa kiume. Karl Brugmann alimpinga mwaka 1889, akashikilia kwamba jinsi ilitokana na miisho ya maneno yenyewe, na uume na uke ukaja kuambatishwa baadaye.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kumwelekea Brugmann, kwa kuwa tusemapo meza nzuri, mlango mzuri, kitabu kizuri, hatufikirii uume wala uke, twafuata upatanisho. Na Mjerumani asemapo ein guter Tisch, eine gute Tür, ein gutes Buch, afanya kazi iyo hiyo. Aliyeuona ujamaa huo mapema ni Wilhelm Bleek, mzaliwa wa Berlin, aliyepata shahada yake huko Bonn mwaka 1851 kwa risala ya Kilatini juu ya jinsi za majina katika lugha za kusini mwa Afrika, Kikopti na lugha za Kisemiti. Katika sarufi yake ya kulinganisha, iliyoanza kutoka mwaka 1862, alizipanga ngeli kwa viambishi vyake na kuzitia namba. Na hesabu hiyo, baada ya kuongezwa na Carl Meinhof, ndiyo itumiwayo na wanaisimu hata sasa wanapoliweka neno mtu katika ngeli ya 1 na watu katika ngeli ya 2.